Gari ya Viti Viwili

Likasi, Jumanne mangaribi

Solange mwanangu,

Ile blanketi yenye ulichoma siku ya posho, Jumamosi, haikuwa na kitu. Ilikuwa blanketi tu. Dada yangu Vero aliinunua sokoni Kakanda, akaikunja, akamupa dereva wa basi akuletee, kwa sababu alisikia unaenda Lubumbashi na kule mwezi wa sita baridi inaingia mpaka mu mifupa. Weye uliibeba na fimbo, mbali na mwili, ukaitupa mu shimo ya takataka, ukaimwagia petroli yangu, ukasema damu ya Yesu mara saba. Minye nilisimama pa mulango wa garaji na kitambaa ya mafuta mu mukono. Nilikuangalia mpaka ikawa majivu. Sikusema hata neno moja.

Sasa nasema. Tantine Vero hakumuloga mama yako. Hakuna muntu mwenye alimuloga mama yako. Mama yako aliuawa na gari yangu, gari ile niliitengeneza na mikono yangu miwili, na kosa lake nililijua siku tatu kabla. Basi, nimeandika. Kama unataka kupasua karatasi hapa, pasua, lakini umekwisha kujua.

Naandika sasa, jua bado iko juu ya mabati, kwa sababu umeenda kuaga wenzako wa kwaya na najua wale hawatakuachilia upesi. Barua nitaiweka mu valise yako, juu ya nguo, fasi yenye utaiona ya kwanza. Nataka uisome mu basi, kabla ya kufika kwa mujomba wako Plasid. Yeye ni kaka wa mama yako, ni muntu muzuri, atakulisha na atakuchunga. Lakini mu nyumba yake jina la Vero wanalitamka na kutema mate. Utakaa pale miaka minne ukisomea unesi. Miaka minne ya kusikia uongo wangu kwa vinywa vya watu wengine! Hapana, siwezi tena.

Mambo ya kufunga valise, ya kutoonyesha telefone mu njia, ya kula asubuhi, sitakuandikia. Hayo unayajua kunishinda. Minye nakuandikia kitu kimoja tu chenye najua, ni mekaniki, na hata hiyo utaona mwenyewe namna niliijua.

Gari ile unaikumbuka? Ulikuwa na miaka tisa. Gari ya sport yenye wanaita kupe, nyekundu, milango miwili, pua ndefu, chini kabisa hata mbuzi angeweza kuchungulia ndani. Taa zake zilikuwa zinalala mu boneti, ukibonyeza, zinaamka. Weye ulikuwa unasema "Papa, amusha gari," naiamusha, unacheka mpaka unakaa chini. Ilikuwa ya muzungu mumoja, injinia wa kiwanda cha Shituru, mwenye nilikuwa namutengenezea magari yake. Alipoondoka aliniachia, bila injini, bila freni ya maana ya kuisimamisha, kuku wanataga mu kiti cha nyuma. Ilitoka kiwandani wakati mama yako hajaanza darasa la kwanza. Kartie yetu, mutaa muzima, ilicheka. "Adaptasio amepewa kibanda ya kuku," walisema.

Adaptasio lilikuwa jina langu, unajua. Lilitoka hapa: piyesi, vipuri vya magari ya zamani, hazipatikani tena, hapa wala Lubumbashi. Chenye kinapatikana ni piyesi za modeli mpya ya gari ile ile, zenye kutoka mu makontena ya Dubai, zimetumika kidogo, safi, nguvu kupita zile za kwanza. Lakini modeli mpya siyo mutoto wa modeli ya zamani kama watu wanavyofikiri. Wana jina moja tu. Tundu la bulon ya kufungia liko pembeni kidogo, bomba ni fupi, uzito si ule ule. Mafundi wengine walikuwa wanakataa. Minye nachonga, natoboa, nachomelea, naingiza, ndiyo adaptasio. Radiatere ya modeli mpya, iliingia. Injini, iliingia. Volan, viti, dashbodi. Kila kitu kikiingia napiga mukono juu ya mabati: "Si nilisema?" Na mama yako anajibu kutoka jikoni, mwiko wa ugali mukononi, "Ulisema, bwana Adaptasio. Sasa kuya kula, bukari inapola."

Alikuwa anaiita ile gari muke-mwenza. Asubuhi akipita na ndoo ya maji anaisalimia: "Mwenzangu, umelala je? Bwana yetu alikusumbua?" Kisha ananiangalia na lile jicho lake la upande. Nakuandikia hii ucheke kidogo, kwa sababu mbele hakuna kucheka.

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na moja. Mahari nilipeleka kwao, watu walikula wakashiba, lakini kanisani hatukuwa tumefika, kama nusu ya watu wa muji huu. Kwa hiyo mama yako hakuwa anakomunika, hakuwa anapokea ekaristi. Kila Jumapili wengine wanapanga mustari, yeye anabaki kwa benchi na mukoba juu ya magoti, na weye unamuuliza kwa sauti juu ya nini haendi. Mwishoni nilisema, bon, tufunge ndoa, na nitakutoa kanisani na kupe. Mama yako hakuomba kupe. Aliomba kanisa. Ni minye nilitaka muji wote unione.

Injini ile mpya ilikuwa na nguvu, nikaona freni za zamani ni ndogo kwake. Hapo sikukosea. Fundi mwenye anaongeza injini bila kuongeza freni ni muuaji. Nilitafuta freni za mbele za modeli mpya: diski kubwa, pamoja na etriye, kile chuma chenye kukamata diski ili gurudumu lisimame. Etriye nilizipaka rangi nyekundu, zionekane kati ya rimu. Ziliingia kama zilizaliwa pale. Kilichobaki ni fleksibo, ule mupira mufupi wenye kupeleka mafuta ya freni mpaka mu gurudumu. Mu modeli mpya unafungwa juu. Mu gari yangu fasi ya kuufunga ilikuwa chini na mbele kidogo. Nikaufunga hivyo hivyo. Gari ilikuwa juu ya kriki, imenyanyuliwa, magurudumu yanaangalia mbele, mupira umekaa muzuri. Nikakanyaga pedali, freni ikakamata barabara. "Si nilisema?"

Iko jambo moja lenye kila mekanisien anajua. Ukisha kuweka piyesi ya gari nyingine, uteremushe gari chini ikalie uzito wake, uzungushe volan mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kuume, halafu ulale chini uangalie nini inagusa nini. Gari haiishi juu ya kriki. Ni kazi ya dakika tano. Nimefundisha watu wengi hizo dakika tano, na wengine niliwatukana mbele ya wateja kwa sababu walizisahau. Minye siku ile sikuzifanya.

Jumatano ya juma la ndoa niliondoa gurudumu la kushoto nilisafishe, nikaona alama. Mupira ulikuwa unang'aa fasi moja, ukubwa wa ukucha. Kila nikikata kona kali, tairi lilikuwa linaulamba. Nikagusa na kidole. Ulikuwa tayari laini. Nilikaa juu ya tairi, nikaangalia ile alama, na nakuambia kweli, mwanangu, nilijua.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchomelea fasi mpya ya kufunga mupira. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, walisema shida iko kwa bwawa la umeme la Mwadingusha, na mashine ya kuchomelea bila umeme ni jiwe tu. Miaka kumi nimeusingizia ule umeme. Najua hata sauti yenye natumia nikiusingizia. Dawa ya pili ilikuwa chini ya meza, mu kasha: freni za zamani, nzima, ndogo, mbaya kwa macho, zenye zingesimamisha gari vizuri kabisa kwa mwendo wa bibi-arusi. Saa mbili za kazi, bila umeme, bila kitu. Sikutaka. Etriye zangu nyekundu zingeonekana wapi? Nilirudisha gurudumu, nikafunga bulon, nikasema nitaangalia Jumatatu, baada ya ndoa.

Utakuwa nesi, Solange. Siku moja utaona alama kama ile mu kazi yako: chupa ya dawa yenye jina karibu na lingine, kidonda chenye rangi yake haikupendezi. Kutakuwa na haraka, na mukubwa wako atakuwa na hasira. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu namna inasikika ndani, kwa sababu hakuna mwenye aliniambia minye. Haisikiki kama hatari. Inasikika kama usumbufu, kama mugeni mwenye kupiga hodi wakati unakula.

Kesho yake Vero akafika. Wakati ule alikuwa anaishi hapa Likasi, ng'ambo ya soko. Ni dada yangu mukubwa, ndiye alinilea tangu mama yetu alikufa, alinibeba mugongoni na yeye mwenyewe ni mutoto. Na kwetu, bibi-arusi akitoka kanisani, dada mukubwa wa bwana ndiye anaingia naye mu gari. Anakaa karibu naye, anamushika mukono mpaka nyumbani. Ndiyo kusema ukoo umemupokea. Vero alikuwa amengoja siku ile miaka kumi na moja. Alikuwa ameshona kitenge mupya na kilemba chake. Alikuja kuuliza atakaa wapi karibu na Berna, mama yako.

"Vero, hii ni gari ya sport," nikamuambia. "Iko na viti mbili. Moya ya Berna, moya yangu ya kuendesha."

"Na ile ya nyuma?"

"Ile ya nyuma ni ya kutiya kikapo. Weye utaingia mu minibus na bengine."

Akaizunguka gari polepole. "Bibi ya ndugu yangu anatoka mu kanisa, na minye niko mu minibus pamoja na masufuria?"

"Aba, Vero! Ni gari tu, haiko ukoo."

Plasid alikuwa pale anapanga viti vya karamu, na mama zake wadogo wawili. Wote walisikia namna Vero alijibu. "Gari yenye inanyima dada ya bwana fasi, mutaona kwenye itabafikisha. Mutaona!" Ilikuwa hasira ya muntu mwenye amenyimwa kiti, hakuna kingine. Akaenda na kitenge chake, na Jumamosi hakufika kanisani. Nilifurahi hata, usumbufu umepungua.

Weye ulikuwa mu minibus nyuma yetu, uliona. Sitakuandikia ile yenye uliona. Nakuandikia ya ndani ya gari, kwa sababu ni yako na nimeificha muda murefu. Tulikuwa tumezunguka muji saa nzima na klakson inalia, kila ron-pwen, kila muzunguko wa njia, mara mbili, mara tatu, kama vile arusi zinafanya hapa, watu wanapiga mikono kandokando ya njia. Na kila ron-pwen tairi lilikuwa linalamba mupira. Nilijua. Nilikuwa nahesabu ron-pwen ndani ya roho huku nacheka na watu. Kisha tukaanza kuteremuka kuelekea reli, twende kupiga picha mu bustani moja ya Shituru. Mama yako alikuwa ameweka mukono wake juu ya mukono wangu, pale kwa vitesi, fimbo ya gia. Alikuwa amekomunika asubuhi ile, mara ya kwanza mu miaka kumi na moja. Alikuwa bado anasikia ladha mu kinywa, aliniambia hivyo. Akapiga kofi ndogo kwa mulango, akasema, "Mwenzangu leo ametulia."

Mbele yetu lori la mawe ya shaba lilikuwa limesimama kungoja treni. Nikakanyaga freni. Pedali ikaenda chini kabisa, laini, kama kukanyaga matope. Nikakanyaga tena. Freni za nyuma zikakamata kidogo, nikavuta ya mukono. Mama yako hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kama muntu mwenye anangoja umuambie ni mambo gani. Sikupata wakati wa kumuambia.

Minye nilitoka na mukono umevunjika. Mukono tu.

Kesho yake gari ilivutwa mpaka garaji. Wamama walikuwa wanalia mu lupango, uwanja wa nyumba yetu, weye umelala kwa magoti ya Vero. Nikaingia chini ya gari na mukono mumoja. Mupira ulikuwa umefunguka pale pale pa ile alama. Niliukata na kisu, nikautia mu mufuko wa suruali. Nadhani nilitaka kumuonyesha muntu. Kweli, nadhani hivyo. Lakini saa zikapita, watu wakaingia, watu wakatoka, na sikumuonyesha muntu.

Siku ya tatu ya kilio wakwe wakauliza, kama wanavyouliza siku zote. Plasid akasimama.

"Shemeji, polisi anasema ni freni. Sawa. Lakini si weye njo Adaptasio? Muji muzima inakuletea freni yake. Freni yenye umefunga weye mwenyewe, kwa bibi yako mwenyewe, siku ya ndoa yako, inakatika namna gani? Nani aliikata?"

Solange, ungeona mulango wenye alinifungulia. Hakuniuliza kama ni minye. Hakuna mwenye aliuliza. Sifa yangu ilikuwa kubwa hata kosa langu halikuweza kuonekana nyuma yake. Waliniheshimu mpaka wakaenda kutafuta mulozi. Mama mumoja wa maombi akafunga macho, akasema anaona mwanamuke wa ukoo wa bwana, mwenye alitamka neno juu ya gari. Mama wadogo wakapiga yowe: "Mutaona! Si alisema mutaona?" Macho yote yakageuka.

Vero alikuwa amekaa karibu nami juu ya mukeka. Siku za kilio, mwanaume aliyefiwa anachungwa na dada yake: ndiye anamupa maji ya kunawa, ndiye anafua nguo zake. Alinigeukia. Akaniangalia, muda murefu, mbele ya watu wote. Nami niliangalia plasta ya mukono wangu. Nakumbuka kila uzi wake. Wakasema aondoke kabla hawajamuonyesha cha moto. Akasimama, akafunga kitenge, akatoka bila kilemba, na watoto wa njia wakamufuata na mawe mpaka kona. Weye ulitupa moja. Ulikuwa na miaka tisa na mama yako amekufa. Usijilaumu kwa jiwe lile, nilikutia mukononi minye.

Wazee wanasema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Minye kilio ndicho kilinificha.

Nataka ujue namna muntu anafika miaka kumi. Siyo kwa kuamua. Siku ile ya tatu ilikuwa neno moja tu: ni minye. Juma lililofuata ingehitaji neno na sababu ya kuchelewa. Mwaka wa pili weye ulikuwa unaota ndoto mbaya, unaita jina la Vero usiku, na ingebidi nikuambie kwamba ndoto zako ni uongo wangu. Nikangoja ukue. Ukakua. Ukapata kwaya yako, ukapata nafasi ya shule, nikasema nisimuharibie. Kila mwaka deni linavaa sura ya huruma. Uliniuliza mara nyingi juu ya nini niliacha magari, natengeneza pompi na jenereta tu. Nilikujibu macho yanachoka. Macho yangu ni mazima.

Jumamosi ulipochoma blanketi nilijiona. Nilikuona weye, mutoto mwenye roho nzuri kuliko wote ninaojua, mwenye analilia hata kuku, na uso wako ulikuwa mugumu kama sikujui. Ule uso niliutengeneza minye. Utaubeba mu hospitali? Utashika wagonjwa nao?

Basi, jana nilikudanganya. Sikuenda kuangalia pompi. Nilienda Kakanda.

Anakaa nyuma ya soko, nyumba ya matofali mabichi, chumba kimoja. Anapikia wachimbaji bukari na maharage, wale wenye kutoka mbali, wenye hawajui historia. Wa karibu hawali kwake. Jina la mulozi lilimufuata, Solange. Alihama mara mbili na likamufuata mara mbili. Niliona jirani akimuvuta mutoto wake ndani Vero alipotoka na sufuria. Amezeeka. Mugongo umeinama, meno ya mbele hayako. Aliponiona hakushangaa. Alinipa kiti, akanipa maji mu kikombe, akauliza, "Blanketi ilimufikia?"

"Ilimufikia," nikasema.

Kisha nikasema yote, nimesimama, kama mutoto wa shule mbele ya mwalimu. Ile alama. Jumatano. Kasha chini ya meza. Kisu. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikanyamaza.

"Unamaliza?"

"Nimemaliza, yaya," nikamuambia dada yangu mukubwa.

"Nilijua."

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mbili ya kilio. Nani alifula suruali yako?"

Mama wee, Solange! Baba yetu alikuwa fundi wa malori. Kabla minye sijazaliwa, ni Vero alikuwa anamushikia taa chini ya malori. Anajua fleksibo kama anavyojua kijiko. Alikuta ule mupira mu mufuko, akaona fasi yenye kung'aa, akaelewa kila kitu peke yake, mbele ya karai la kufulia. Akaurudisha mu mufuko. Kesho yake walimuita mulozi, naye alikuwa anajua.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nikuseme kwa nani?" Akaweka karai chini. "Kwa Plasid na bandugu yake, benye bamekaa na mapanga ya kupasula kuni? Bangekumaliza. Mutoto mama amekufa, baba naye akufe? Nilikuangalia, nikangoja kama utasema mwenyewe. Haukusema. Nikaona, bon, mumoja abebe."

"Ulibeba miaka kumi."

"Nilibeba."

Nililia mbele ya wachimbaji waliokuja kula, mwanaume wa miaka hamsini na tano. Hakunikumbatia. Usifikiri alinisamehe, nilipoomba, alisema ataangalia. Alinipakulia bukari, nikala kwa sababu sikuthubutu kukataa. Wakati nakula alikuwa ananiuliza juu yako: kama unaimba bado, kama meno yalikaa vizuri, kama unafanana na Berna. Nilimuambia unafanana naye kwa lile jicho la upande. Akacheka na ufizi wake.

Mambo ya Plasid usiyabebe weye. Hiyo ni kazi yangu. Ijumaa nitapanda Lubumbashi nimuambie uso kwa uso, na mbele ya mama wadogo wale wale wenye walipiga yowe. Atakachofanya atafanya. Jumapili yenye kufuata nimeomba padri anipe nafasi nisimame mbele ya watu. Aliniuliza kama nina hakika. Ukinikuta kwa mulango wa mujomba siku ya Ijumaa na hutaki kunisalimia, pita tu. Nitajua na sitakuita.

Nasikia sauti zenu njiani, mnarudi mkiimba. Ngoja nimalize.

Nilipokuwa naaga, Vero alinifuata mpaka kwa njia kubwa, akanishika shati. Mukono wake ungali na nguvu. "Usiambie mutoto," akasema. "Unasikia? Kunichukia amekwisha kuzoea, haimuumize tena. Ukimuambia hii, mama hana, baba hana. Atabaki na nani?"

Nilimujibu, "Atabaki na weye."

Papa yako